Alpaka haoshwi kama sufu

Wiki hii tena alpaka ameingia kwenye beseni akiwa manyoya na kutoka akiwa kipande cha zulia. Vijana wetu wa karakana, bidii yenu tunaiona na tunaipenda. Lakini kila kundi jipya linakuja na kosa hilohilo, kwa sababu mkono uliozoea kondoo unadhani manyoya yote ni ndugu.

1. Mjueni mnyama kwanza. Alpaka ni wa jamii ya ngamia. Kwao ni milima ya Andes, hasa Peru, anakofugwa kwenye mita 3,500 na zaidi. Hata Kabale ya Uganda na baridi yake yote haifiki huko. Wa aina ya huacaya manyoya yake yamefura, wa suri yananing'inia kama vishungi vinavyong'aa. Shikeni hili: manyoya yake hayana mafuta mengi kama ya kondoo. Kinachoyachafua ni vumbi, maana alpaka anapenda sana kugaragara chini.

2. Vumbi hutoka kukiwa kukavu. Tandazeni manyoya juu ya waya wa kuku, mkung'ute mpaka chini pasianguke kitu. Ya tumbo na miguu wekeni kando, yanachoma shingoni. Ya mgongo na mbavu ndiyo ya shali. Vipande vya sentimita moja au mbili, vilivyobaki mkasi ulipopita mara ya pili, tupeni bila huruma: ndivyo vinavyoota vidonge kwenye sweta.

3. Sasa beseni, panapotuuma. Mgeni huona maji yamegeuka kahawia, anaogopa, anaongeza maji ya moto kutoka kwenye sigiri, anachukua sabuni ya mche na kuanza kufikicha kama anafua soksi. Kila unywele una magamba madogo. Joto na sabuni huyafungua, msuguano huyashikamanisha, na yakishashikana hakuna dawa ya kuyaachanisha. Sabuni ya mche nayo ni kali kwa nywele, huziacha zikikwaruza. Klorini ya kung'arisha ndiyo mbaya kuliko zote, huyeyusha manyoya yenyewe.

Fanyeni hivi. Lita 3 zilizochemka na lita 7 za bomba zinatoa karibu digrii 45, zinazotosha gramu 200. Tieni kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji, koroga kwanza, ndipo mlaze manyoya juu yake na kuyadidimiza kwa viganja. Hapo toeni mikono. Dakika 20, hakuna kugeuza, hakuna kukamua, hakuna kufungulia bomba juu yake. Yanyanyueni yote pamoja kwa wavu, mwage maji, mjaze mengine ya joto lilelile. Wengi huharibu hapa: wameosha vizuri, kisha wanasuuza kwa maji baridi, na mshtuko huo pamoja na msuguano kidogo unatosha kuyakaza. Suuzeni mara tatu. Maji ya mwisho yakiwa na rangi kidogo, yaacheni. Kilichobaki kitatoka kwenye brashi za kuchania.

Kunja ndani ya taulo, kanyaga, kisha anika kivulini juu ya wavu.

4. Lebo ya "baby alpaca" (alpaka mchanga) inataja wembamba wa unywele, si umri wa mnyama.

5. Uzi wa alpaka haurudi ukivutwa. Sokoteni kwa kukaza kuliko sufu, na kwa sweta changanyeni sufu asilimia 30 ili mikono isifike magotini. Kipande cha majaribio kioshwe na kining'inizwe usiku kucha kabla ya kuhesabu vishono.

6. Nondo hula alpaka kama wanavyokula sufu, kwa hiyo manyoya huwekwa mfukoni, lakini yakishakauka kabisa. Bana kishungi pale kilipo kinene. Kikiwa baridi kidoleni, bado kina maji, kisiingie mfukoni. Msimu wa mvua kukauka huchukua siku tatu au nne.