Unataka kazi ya kufunga valvu za kuzuia maji kurudi? Beba ndoo na bluu ya kufulia

Juzi niliposti picha za kazi niliyoimaliza kwenye loji moja ya Raskazone hapa Tanga na tangu hapo inboksi haijapumzika. Nyingi ni hongera, nashukuru sana wapendwa, ila meseji moja imenikaa rohoni. Ni kijana wa Muheza, kamaliza ufundi bomba, anaandika: "Kaka shikamoo. Kazi naijua ila kila mteja nikimwambia afunge noniritani (valvu ya kuzuia maji kurudi) ananiambia fundi unatafuta pa kunila. Wewe unawapataje?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hayo maneno ya kunila nimeambiwa mimi pia, tena na huyohuyo mwenye loji ambayo picha zake mmezipenda.

Mara ya kwanza aliniita kwa ajili ya pampu tu. Uani kwake kuna kisima, maji chumvi kama mnavyoyajua maji ya visima vya huku kwetu pwani, anatumia kufulia na kudekia. Na ana maji ya mjini, haya yanayotoka bwawa la Mabayani kule mto Zigi na kusafishwa Mowe. Sasa kuna fundi alimuunganishia laini mbili hizo ili maji ya mjini yakikatika afungulie ya kisima, na katikati hapo kaweka getivalvu, koki ya kufunga na kufungua kwa mkono, basi. Nikafunga geji ya kupimia presha. Pampu ya kisima inasukuma bar tatu, laini ya mjini siku ile haifiki hata bar moja. Getivalvu yenyewe ya zamani, ukiifunga mpaka mwisho bado inapitisha. Nikamwambia bosi hapa maji ya kisima yanaingia kwenye bomba la mjini, na ukiacha wageni wako hata jirani anayanywa.

Akacheka. Mbele ya wafanyakazi wake, akasema mafundi wa siku hizi mnasomea wizi, nimekuita pampu unaniletea hadithi. Akanilipa pampu nikaondoka. Sitaki kusema nimesahau maana sijasahau, mtu mzima mwenye familia kuitwa mwizi mbele za watu kwa kusema kweli inauma, na najua wengi mnaosoma hapa yamewakuta.

Lakini siku ile ndiyo niliacha kuwaeleza wateja nikaanza kuwaonyesha, na hapa ndipo jibu lako lilipo mdogo wangu. Mteja hawezi kununua kitu asichokiona. Maji yanaenda mbele kwa sababu presha ya mjini imezidi ya nyumbani. Bomba kuu likipasuka huko barabarani, au zimamoto wakivuta maji mengi kwa mpigo, presha inaanguka, na ndani ya nyumba maji yanageuka yanarudi na kunyonya chochote kilichozama mwisho wa bomba: mpira ulioachwa kwenye ndoo ya deki, shatafu iliyoangukia chooni, mpira wa bustani kwenye pipa la dawa ya mimea. Hiyo ni njia ya kunyonywa. Ya pili ni kusukumwa, kama ile pampu ya kisima, au tenki lililo juu sana, kila mita kumi za kimo ni bar moja. Sasa mwambie hayo mwenye duka Ngamiani, atakuitikia ndiyo fundi, kisha anakuuliza choo kinachovuja utatengeneza lini.

Kwa hiyo mimi natembea na ndoo na bluu ya kufulia. Nyumba ikiwa ya ghorofa naweka ndoo juu, nazamisha mpira uliofungwa kwenye bomba, nafungulia mpaka mapovu ya hewa yaishe. Mtu wa chini anafunga koki iliyo baada ya mita ya maji. Naikoroga bluu kwenye ndoo. Kisha anafungua bomba la chini kabisa. Tulia uangalie.

Mwenye loji aliponiita tena mwaka huu (wageni walikuwa wanalalamika chai ina chumvi, na jirani naye bomba lake limeanza chumvi, maneno yameshafika hadi kwa watu wa mamlaka ya maji) sikumkumbusha ya zamani hata neno moja. Nilimpandisha juu akae na ndoo, mkewe akasimama bomba la chini ameshika kikombe cheupe cha chai. Maji yakatoka safi, yakaendelea safi, mama anataka kuondoka, mara yakaanza kuingia rangi kidogokidogo mpaka kikombe kikawa bluu kabisa, na huku juu mzee anapiga kelele "inashuka! inashuka!" maana ndoo inaisha mbele ya macho yake na hakuna aliyeigusa. Mama akauliza swali moja tu: kwa hiyo ingekuwa ndoo ya choo? Nikamwambia ndiyo mama. Advansi nilipewa kabla sijakusanya vifaa. Ukimaliza jaribio hakikisha umemwaga maji ya laini yote mpaka yatoke meupe, usimwachie mtu bluu kwenye bomba lake la kunywa.

Nilimpa na habari ya Chicago, mwenye hoteli au loji habari hiyo inamwingia. Mwaka 1933 wakati wa maonyesho makubwa ya dunia wageni wa hoteli mbili walipata amiba, watu 98 wakafa, uchunguzi ukakuta mabomba mabovu yaliyokutanisha maji machafu na ya kunywa. Marekani hiyo, hoteli kubwa.

Kazi yenyewe sasa. Kabla ya valvu yoyote, tenganisha. Ule muunganiko wa kisima na mjini niliukata kabisa, maji ya mjini yakaingia tenkini kutoka juu, mdomo wa bomba uko hewani juu ya usawa wa maji yanapofurika kwa mara mbili ya upana wa bomba, na usishuke chini ya inchi moja. Hilo pengo la hewa ndiyo kinga kuliko zote na ni bure. Wale mnaozamisha bomba mpaka chini ya tenki ili lisipige kelele acheni jamani, mnatengeneza mrija wa kunyonyea.

Baada ya mita ya maji nikaweka dabo cheki, yaani cheki mbili zinazofuatana, kila moja inapitisha maji upande mmoja tu. Laini ya dobi, kwa sababu mashine zinavuta kemikali, nikaweka ile kubwa yenye cheki mbili na tundu katikati la kumwaga nje maji yanayotaka kurudi, inaitwa RPZ. Hiyo ni ghali na inakula presha, inaweza kula bar nzima au karibu, kwa hiyo usimfungie mtu ambaye presha yake tayari ni ya kuombea. Na usiizike shimoni, masika likijaa lile tundu linakuwa ndani ya maji machafu. Iweke juu ya ardhi, koki pande zote mbili, chujio upande maji yanakoingilia, mshale uelekee maji yanakokwenda, na sukuma mchanga wote utoke kwenye bomba kabla hujafunga. Chukua ya brasi, hewa ya bahari inamaliza chuma. Penye hita angalia sefti valvu (ya kupunguza presha ikizidi) na tenki la kupokea maji yanayotanuka, ukishaziba njia ya kurudi maji ya moto hayana pa kwenda. Mita na kila kilicho kabla yake ni vya mamlaka, usiguse.

Mafundi wenzangu, nisikilizeni kwa hili. Mnaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mjini ili mteja avute kuliko wenzake, mnavuta na tope la kila bomba lililotoboka mtaani, na anayekunywa ni mtoto wa mtu. Mnaoweka noniritani ya bei ya chini kwenye laini yenye dawa huku mnajua haifai, pesa hiyo ina mzigo. Mteja akikataa, mwambie ukweli, andika kwenye risiti kwamba ulimshauri akakataa, ondoka kwa heshima. Simama kwenye kweli hata ukiitwa mwizi. Kazi yetu ni afya za watu, Mungu anaiona.

Halafu valvu hizi zina springi na mpira ndani, zinachoka, zinakaa mchanga. Zinapimwa kila mwaka. Funga koki ya upande maji yanakoingilia, fungua kitundu cha kupimia kilicho kabla ya cheki, maji yakiendelea kutoka jua cheki inapitisha, fungua usafishe au ubadilishe mpira. Mimi naandika tarehe kwa maka kwenye bodi ya valvu na namba yangu pembeni, na mwezi wa kwanza napita kwa wateja wote. Usimuuzie mteja valvu peke yake, muuzie na upimaji wake, mwandikiane siku hiyohiyo. Ada ya wanangu Januari inatoka hapo.