Nitasikilizaje Hosteli Iliyojaa Kelele?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na ninaishi katika hosteli ya Mabibo, Dar es Salaam. Mhadhiri wetu ametutaka tuandike sauti zote tunazozisikia tukiwa chumbani, mchana na usiku, kwa saa moja kila kipindi. Nilipojaribu niliambulia kelele tupu. Jambo jingine linalonishangaza ni kwamba usiku malori ya Barabara ya Mandela husikika kana kwamba yanapita dirishani, ilhali mchana hayasikiki hivyo. Je, masikio yangu yana kasoro?
Mwanafunzi, Mabibo

JIBU: Masikio yako ni mazima. Mchana jua hupasha ardhi joto, hewa iliyo karibu na ardhi ikawa ya moto kuliko iliyo juu yake, na kwa kuwa sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa ya moto (katika nyuzi joto 20 huenda kiasi cha mita 343 kwa sekunde), mawimbi yake hupinda kuelekea juu na kupotelea angani. Usiku mtulivu usio na mawingu ardhi hupoa, mpangilio huo hugeuka, na mawimbi yaliyokuwa yakipotea hupinda kurudi chini, yakakufikia wewe uliyelala. Isitoshe, saa hizo makondakta na redio za vibandani vimekwisha kunyamaza.

Kuhusu zoezi lenyewe, nadhani ulijaribu kuzikamata sauti zote kwa mkupuo. Mwanamuziki wa Kanada, R. Murray Schafer, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Simon Fraser na kuanzisha huko mradi wa kuchunguza sauti za mazingira, alitenganisha sauti za msingi, ambazo zipo muda wote hata sikio likazisahau, na sauti za ishara, ambazo hudai kusikilizwa. Adhana ya alfajiri, hodi mlangoni na mlio wa simu ni ishara. Hizo utaziandika bila taabu. Kazi iko kwenye za msingi. Keti kimya kwanza, kisha zima feni ya dari, na utagundua kuwa chini ya mvumo wake kulikuwa na mvumo mwingine. Kama chumba chenu kina taa ya tyubu yenye balasti ya zamani, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa taa hiyo, huenda ni hiyo: umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma kilichomo ndani ya balasti hutetemeka mara mbili kwa kila mzunguko, ndipo unaposikia mvumo wa hezi 100. Schafer aliongeza kundi la tatu, la sauti zinazopatambulisha mahali fulani kwa wakazi wake. Kwa hosteli nyingi za Dar es Salaam ningeweka hapo mlio wa bomba lililokauka likitema hewa maji yanaporudi, ukifuatwa papo hapo na ndoo zinazoburutwa koridoni.

Usisahau ukuta. Muziki wa chumba cha pili hukufikia kama vishindo vya besi tu, maneno ya wimbo yakiwa yamemezwa, kwa sababu ukuta huzuia mitetemo ya haraka vizuri zaidi kuliko ile ya polepole. Andika basi ulichosikia, yaani vishindo, wala usiandike jina la wimbo unaoubuni kichwani.

Simu itumie baadaye, kwa kulinganisha tu. Programu nyingi za kurekodi hupandisha sauti hafifu na kushusha kubwa zenyewe, hivyo mvumo wa feni na kishindo cha mlango huweza kutoka vikiwa karibu sawa. Na mazungumzo ya majirani yanayopenya ukutani yaandike kuwa ni watu wawili wakizungumza kwa sauti ya chini, bila maneno yao. Mhadhiri aliomba sauti, hakuomba siri za chumba cha pili.