Kijana wa waridi: maswali yenu kuhusu picha za kiganjani

Safari iliyopita niliandika juu ya picha ndogo, ya kutosha kiganjani, ya kijana aliyeegemea mti, mkono kifuani, amezungukwa na miiba ya waridi. Nicholas Hilliard, mchoraji wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alimchora mnamo 1587 hivi. Haya ni baadhi ya maswali yenu.

Kijana huyo ni nani?

Picha haina jina. Wengi wanaamini ni Robert Devereux, Earl (cheo cha ukabaila) wa Essex, kipenzi cha malkia, nami naafiki. Amevaa nyeusi na nyeupe, rangi za Elizabeth, na waridi lile jeupe la porini lilikuwa ua la malkia. Juu yake pameandikwa kwa Kilatini kwamba uaminifu unaosifiwa huleta mateso. Februari 1601 Essex alikatwa kichwa kwa uasi. Kila nikiyasoma maneno yale, moyo hunisinyaa.

Hiyo ni rangi ya mafuta?

Hapana, ni rangi ya maji iliyochanganywa na gundi ya mgunga, juu ya ngozi laini ya ndama iliyobandikwa kwenye karata. Ndiyo, karata hizihizi za kuchezea! Hilliard alifunzwa usonara kwanza, kwa hiyo dhahabu na fedha aliijua: aliipaka, kisha akaing'arisha kwa jino la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Katika maandishi yake anamwonya mchoraji avae hariri, maana haimwagi vumbi, ajihadhari na mba, tena asizungumze akiwa ameinamia kazi, mate yasije yakairukia. Kwa picha ya sentimita 13, tone moja tu la mate lingeharibu uso mzima.

Mbona nyuso zake nyingi zimepauka?

Wekundu wa mashavu umefifia kwa mwanga, na fedha imegeuka nyeusi. Ndiyo sababu makumbusho huziweka kwenye taa hafifu.

Kwa nini ndogo hivyo? Mkubwa si angetaka kuonekana?

Ya ukutani huonwa na kila mgeni. Hii ilivaliwa kama kidani au kufichwa, na aliyeionyeshwa alijua ameaminiwa. Mwaka 1564, kabla Hilliard hajaanza kumchora malkia, balozi wa Uskoti, James Melville, aliingizwa chumbani kwa Elizabeth. Malkia akafungua kijikabati chenye picha ndogo zilizofungwa kwenye karatasi, kila moja na jina kwa mwandiko wake. Ya kwanza iliandikwa "Picha ya bwana wangu." Melville akashika mshumaa, akamsihi aione. Malkia akasitasita, mwisho akamwonyesha: Robert Dudley, Earl wa Leicester. Balozi akaiomba ampelekee malkia wake, Mary. Elizabeth akakataa, akasema anayo hiyo moja tu. Melville akamjibu kwamba mwenye sura hiyo anaye, na kweli Dudley alikuwa upande wa pili wa chumba kilekile, akizungumza na Cecil, katibu wa malkia.