Mzizi ulikuwa madeni
Ndugu, umeuliza kama vyama vya kwanza vya siasa vya Marekani vilizaliwa na chuki binafsi kati ya Alexander Hamilton na Thomas Jefferson, mawaziri wawili wa Rais Washington. Hapana, vilianzia kwenye fedha. Mwaka 1790 Hamilton, waziri wa fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo yote yaliyotokana na vita vya uhuru. Jimbo la Virginia lilikuwa limeshalipa sehemu kubwa ya deni lake; kwa nini liwalipie wengine? James Madison, mbunge wa Virginia aliyekuwa bega kwa bega na Hamilton kuitetea Katiba, akasimama kumpinga. Kwangu mimi huo ndio mpasuko wenyewe. Mwaka 1791 ikafuata benki ya taifa, ambayo Jefferson alisema Katiba haiiruhusu. Vita vya Ufaransa na Uingereza, kuanzia 1793, viliongeza ukali tu.