Maswali ya Wasomaji: Mipira ya Petroli na Oili Sili za Datsun 240Z

Barua tatu za mwezi huu zinahusu gari moja, Datsun 240Z, lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha tena mwaka 1973 chini ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Uzalishaji wake ulikoma mwaka huohuo wa 1973, kwa hiyo mpira wowote wa kiwandani uliobaki ndani yake sasa umepita nusu karne.

SWALI (Nairobi): 240Z yangu ya 1972 ililala gereji miaka tisa. Sasa inawaka, lakini ndani kunanuka petroli sana. Chini sioni hata tone. Fundi alibadilisha mpira mmoja karibu na kabureta, harufu ikabaki palepale. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kutoiwasha tena mpaka mipira yote ya petroli ibadilishwe. Katika injini hii ya L24, kabureta mbili na bomba la ekzosi viko upande mmoja, na kabureta ziko juu ya ekzosi. Tone likidondoka linatua kwenye chuma cha moto. Tena huenda usilione chini ya gari, maana hugeuka mvuke kabla ya kufika sakafuni.

Mpira huzeeka kwa miaka, si kwa kilomita. Ukiwa na petroli ndani muda wote hubaki laini kiasi. Ukikauka miaka tisa hugumu na kupasuka kwa ndani, hata kama nje unang'aa. Ndiyo maana kubadilisha mmoja hakusaidii.

Nunua mita 2 za mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 kwa njia ya kupeleka petroli, na mita 2 za milimita 6 kwa njia ya kurudisha kwenye tangi. Utabakiwa na vipande, si hasara. Ukiwa dukani, Kirinyaga Road jijini Nairobi au kwingineko, soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa mpira: tafuta SAE J30 R9, alama ya kiwango cha mipira ya petroli. Usikubali mpira usio na maandishi. Mpira wa maji wa saizi hiyohiyo unafanana kabisa na wa petroli, lakini petroli huulainisha kwa ndani, chembe nyeusi zikaenda kuziba sindano ya kabureta. Klipu nazo chagua zile bapa zenye kingo zilizokunjwa. Zile za matundu hukata mpira zikikazwa.

Fanyia kazi nje, penye hewa. Usiingie kwenye shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujaa humo. Toa waya hasi wa betri, weka kizima-moto cha unga karibu, kisha toa petroli kwa bolti iliyo chini ya tangi. Likijaa hubeba lita 60, basi andaa madumu ya kutosha. Mipira ya zamani usiivute kwa koleo. Ipasue kwa wembe kwa urefu, uibandue. Vibomba vya tangi vimeunganishwa kwa kuchomelea, na ukivizungusha vitapasuka, hapo kazi ya saa moja inageuka ya wiki nzima. Mpira mpya uingie milimita 25 juu ya bomba, na klipu ikae nyuma ya uvimbe wa bomba, si juu yake.

Mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari yakague kwa mkono. Penye kutu inayobanduka, weka bomba jipya la chuma au la aloi ya shaba na nikeli. Shaba tupu hapana: mtetemo huifanya ngumu, ikapasuka. Kwenye njia ya kurudisha petroli, upande wa injini, kuna kipande chenye tundu jembamba sana. Wengi hukitupa wakidhani kimeziba. Bila hicho petroli yote hurudi tangini, na gari hukosa nguvu kwenye mlima.

Usisahau mipira mifupi miwili, mmoja kwa kila kabureta, inayotoka kwenye bakuli kwenda kwenye jeti chini ya kabureta. Hiyo ndiyo huvuja moja kwa moja juu ya ekzosi, na haiuzwi kwa mita. Agiza iliyotengenezwa kwa kabureta hizo. Badilisha kabureta moja kwanza ili nyingine ikuongoze. Baada ya hapo pandisha nati ya mchanganyiko hadi mwisho, uishushe mizunguko miwili na nusu, uanzie hapo kurekebisha.

Kuhusu harufu ya ndani: ng'oa paneli za plastiki za nyuma, upande wa mdomo wa tangi. Humo mna mipira ya kupumulia ya tangi, na mara nyingi hupatikana imepasuka kama udongo wa kiangazi. Yote ikiwa mipya na harufu bado ipo, inuse tena kwa makini. Kama ni moshi wa ekzosi na si petroli mbichi, tatizo ni raba ya mlango wa nyuma au gasketi za taa. Gari likikimbia, hewa ya nyuma huuvuta moshi ndani kupitia mianya hiyo.

SWALI (Arusha): Oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Nimeambiwa ni sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili isitoke, na lazima giaboksi ishushwe. Ni kweli?

JIBU: Huenda, ila usishushe chochote bado. Oili inayovuja juu huteremka na kutokea nyuma, hasa ile ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini. Osha injini yote kwa dawa ya kuondoa grisi, ikauke, endesha kilomita 20, kisha angalia kwa tochi kuanzia juu kushuka chini. Nusa pia: oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa, na ikiwa ndiyo hiyo, sili inayovuja ni ya giaboksi.

Kagua valvu ya kupumulia, iliyo chini ya bomba linalounganisha manifoldi mbili za kabureta, pamoja na mpira wake mnene unaotoka kwenye bloku. Vikiziba, shinikizo hujaa ndani ya injini na kusukuma oili kupitia kila sili. Ukiweka sili mpya bila kufungua njia hiyo, nayo itavuja. Valvu hii ni bei ndogo, na ndiyo husahaulika kuliko vyote.

Ikithibitika ni sili ya nyuma, itabidi giaboksi, klachi na flaiwili vitoke. Hapo badilisha pia zile sili mbili za pembeni za kofia ya beringi ya nyuma. Ukiziacha, oili itapita kandokando ya sili mpya. Paka oili safi kwenye mdomo wa sili kabla ya kuiingiza, maana ikianza kavu huungua dakika za kwanza. Igonge polepole kwa kuzunguka, ikae sawa pande zote.

Sili ya mbele ni nafuu: toa rediata, feni na mkanda, fungua bolti ya puli ya krenki, vuta puli, chomoa sili bila kukwaruza krenki. Pitisha ukucha kwenye shingo ya puli. Ukinasa kwenye mfereji, sili mpya pekee haitaziba. Visha shingo mkono mwembamba wa chuma, au iingize sili ndani zaidi kwa milimita 2 ili mdomo ukae mahali pasipolika. Bolti ikazwe kwa Nm 118 hadi 157.

SWALI (Mombasa): Je, dawa za kuzuia uvujaji zinazomiminwa kwenye oili zinafaa?

JIBU: Huvimbisha raba, basi sili iliyogumu kidogo inaweza kutulia kwa muda. Iliyopasuka au iliyokwisha kulika haiponi. Kwako tunashauri kitu kingine kwanza: chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli na kiwango kikawa kimepanda, huenda kiwambo cha pampu ya petroli kimetoboka. Pampu imefungwa ubavuni mwa kichwa cha injini na inasukumwa na kamishafti, kwa hiyo petroli inaweza kuingia kwenye oili, ikaifanya nyepesi na kula beringi. Weka pampu mpya na gasketi zake, rudisha kile kipande kinene cha kuzuia joto kilichokuwa kati ya pampu na injini, kisha mwaga oili yote uweke mpya na chujio jipya kabla ya kuendesha.