Nikirudi Kongwa kumuuguza mama, je, nimeshindwa?

*Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 41, ni mtumishi wa umma hapa Dodoma, na ofisi yetu iko Mtumba. Nilizaliwa Kongwa, binti pekee kati ya watoto watatu. Marehemu baba alikuwa akiwaambia watu kwamba mimi ndiye mwanawe wa kiume wa kweli, nami nilijitahidi nisimwangushe. Mama hakusoma. Amelima uwele na karanga maisha yake yote na kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, pamoja na wanawake wenzake, nami kwa miaka mingi nilimwonea haya. Mwaka jana nilipandishwa cheo kuwa mkuu wa kitengo, lakini tangu hapo sina furaha. Jioni hukaa ndani ya gari nje ya nyumba yangu nikilia. Katika mafunzo ya uongozi mkufunzi alitueleza safari ya shujaa: anaitwa, anaondoka nyumbani, anapambana na joka, anarudi na hazina. Sasa mama amepata kiharusi na upande wake wa kushoto umelegea. Kaka zangu, mmoja yuko Kongwa na mwingine Mwanza, wanasema niache kazi nirudi, kwa kuwa mama huuguzwa na binti. Nikirudi, je, si ndiyo kushindwa? Na hata nikienda, tukibaki wawili chumbani sijui la kumwambia.*

*Aliyechoka, Dodoma*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuuguliwa na mama.

Nitaanza na yale mafunzo, kwa sababu naona yamekukaa moyoni kama hukumu. Mpango huo wa kuitwa, kuondoka, kupambana na kurudi ulienezwa na Mmarekani Joseph Campbell katika kitabu alichokitoa mwaka 1949, baada ya kulinganisha visasili na ngano za mataifa mengi. Ni kazi kubwa na sikuombi uidharau. Hata hivyo, wengi wa mashujaa wake ni wanaume, na mwanamke anayekutana nao njiani mara nyingi ni mama wa kuagwa, mchawi wa kushindwa au binti mfalme wa kuolewa. Mwaka 1981 mtaalamu wa tiba ya nafsi, Maureen Murdock, alimwendea Campbell na kumuuliza kuhusu safari ya mwanamke, akajibiwa kwamba mwanamke hana haja ya kusafiri, kwa kuwa yeye ndiye mahali ambapo wengine wote wanajaribu kufika. Jibu hilo halikumridhisha Murdock, wala mimi haliniridhishi, kwa sababu mahali hapachoki, hapaugui, wala hapalii ndani ya gari jioni.

Mwaka 1990 Murdock alitoa kitabu chake mwenyewe, na alichokieleza humo kinakuhusu. Binti anaanza kwa kujitenga na mama yake na mambo ya mama yake, anaegemea upande wa baba na ulimwengu ambao wanaume ndio wanaogawa sifa, anashinda mitihani, anapata cheo, kisha akishafika juu anakuta pakavu. Kinachofuata ni kushuka, na baada ya kushuka ni kurudi kuyatafuta yale aliyoyaacha kwa mama. Sikuambii kwamba maisha yako yaliandikwa na Mmarekani kabla hujayaishi. Ninachokuambia ni kwamba ukame unaoupata baada ya cheo umewapata wanawake wengine wengi, na kwamba hauthibitishi kuwa cheo hukukistahili. Pamoja na hayo, mtu anayelia jioni baada ya jioni kwa muda mrefu anapaswa kumwona daktari, na ningependa uende kabla hata hujafanya uamuzi wowote kuhusu kazi.

Hadithi ninayotaka uitafakari ni ya Inanna. Iliandikwa kwa lugha ya Kisumeri kwenye mabamba ya udongo, katika nchi ambayo leo ni Iraki, karibu miaka 4,000 iliyopita. Inanna alikuwa malkia wa mbingu, na siku moja aliamua kushuka kuzimu, kwenye himaya ya dada yake Ereshkigal. Njiani kulikuwa na milango saba, na katika kila mlango alivuliwa kitu kimoja: taji, kisha vito vya shingoni, hadi ikafika zamu ya vazi la kifalme. Kila alipouliza kwa nini, aliambiwa anyamaze, kwani ndiyo sheria ya kule chini. Alifika mbele ya dada yake akiwa uchi, akahukumiwa, akafa, na maiti yake ikatundikwa kwenye ndoano.

Nawe utaanza kuvuliwa mara tu utakapokata kona pale Mbande kuingia barabara ya Kongwa. Chumbani kwa mama hakuna mkuu wa kitengo. Kuna mtu wa kumgeuza mgonjwa ubavu, kumlisha uji kijiko kwa kijiko na kufua shuka. Naelewa kwa nini unaogopa, na hofu hiyo siidharau hata kidogo. Lakini wale walioitunga hadithi ya Inanna hawakuuhesabu mteremko wake kuwa kushindwa. Aliporudi juu alikuwa bado malkia, na sasa alikuwa amekwenda mahali ambapo miungu wenzake hawakuthubutu kwenda.

Angalia pia alivyojiandaa. Kabla ya kuondoka alimwita mtumishi wake mwaminifu, Ninshubur, akamwagiza kwamba asipomwona akirudi, alie na kupiga ngoma, kisha aende kuwabembeleza miungu mmoja baada ya mwingine. Siku tatu mchana na usiku zilipita, Ninshubur akaenda. Mungu wa kwanza alikataa, akisema Inanna alijitakia mwenyewe, na wa pili akajibu vivyo hivyo. Wa tatu, Enki, ndiye aliyesikia. Mwanangu, mtafute Ninshubur wako kabla hujashuka. Awe mtu mmjuaye vema, kazini au jirani, umwambie waziwazi kwamba usipompigia simu kwa siku kadhaa akutafute, na kwamba akijibiwa vibaya na mtu wa kwanza asikate tamaa.

Sasa nafika kwenye swali lako la mwisho, ambalo naliona kuwa zito kuliko yote. Enki alichukua uchafu wa chini ya kucha zake, akaumba viumbe wawili wadogo, akawatuma kuzimu. Walimkuta Ereshkigal amelala, akigumia kwa maumivu kama mwanamke aliye katika uchungu wa kujifungua. Hawakumpa dawa, hawakumpa nasaha, wala hawakumwambia ajikaze. Alipolalamikia moyo wake, nao waliulilia moyo wake. Alipolalamikia ini lake, nao waliililia ini lake. Malkia yule wa wafu, ambaye inaelekea hakuna aliyewahi kumsikiliza, aliguswa sana hata akawapa mto wa maji na shamba la nafaka. Walivikataa vyote, wakaiomba ile maiti iliyotundikwa, wakaipa uhai, na Inanna akainuka.

Kwa hiyo usijitese kutafuta la kusema. Mama akikuambia kwamba mkono umekufa, usikimbilie kumwambia kuwa utapona. Ushike mkono huo, umwambie kwamba ni kweli, mkono umekuwa mzito, na kwamba unamwonea uchungu. Maneno yake yakitoka taratibu, kama ilivyo kwa wengi waliopata kiharusi, subiri amalize bila kummalizia. Baadaye, akiwa ametulia, mwombe akupigie muheme. Mkono wake wa kulia bado unafanya kazi. Mkalishe ameegemea mto, mpe ndoo ndogo ya plastiki iliyogeuzwa badala ya ile ngoma ya kubana magotini, akufundishe mdundo mmoja, nawe ukosee na yeye akusahihishe. Ulimwonea haya kwa miaka mingi kwa sababu ulidhani hana cha kukufundisha, na nadhani jeraha lenu kubwa liko hapo. Baba alikupenda, sina shaka, lakini kila alipokuita mwanawe wa kiume, mama alikuwa akisikia.

Kuhusu kaka zako, hadithi hiyohiyo ina neno lao. Inanna hakuruhusiwa kutoka kuzimu bure, ilibidi apatikane mtu wa kukaa huko badala yake. Aliporudi alimkuta mumewe, Dumuzi, amevaa vizuri na kukaa kwenye kiti cha enzi bila dalili ya msiba, na hapo akamtoa yeye. Dumuzi alipochukuliwa, dada yake Geshtinanna alijitolea, ikaamuliwa kwamba kila mmoja akae kuzimu nusu ya mwaka. Mzigo wa kuzimu uligawanywa kati ya kaka na dada, na hivyo ndivyo na huu wa kwenu unavyopaswa kugawanywa. Najua kwamba kwa mila zetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake, na sikuombi uivunje heshima hiyo. Lakini kuogesha ni kazi moja tu kati ya nyingi. Aliyeko Kongwa anaweza kumpeleka mama kliniki, kusimamia shamba na kulala nyumba ileile ili usiku pawepo mtu wa kuitwa. Aliyeko Mwanza anaweza kulipa kila mwezi mshahara wa dada wa kusaidia kazi za ndani na nauli ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi hayo yasicheleweshwe, na shinikizo la damu lipimwe mara kwa mara.

Usiache kazi. Mshahara wako ni sehemu ya matibabu ya mama, na ukiukata leo, baada ya miezi michache kaka haohao watakuuliza dawa zitanunuliwa na nini. Sheria inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Anza na hiyo, na itakapokaribia kwisha zungumza na mwajiri wako kuhusu hatua inayofuata.

Kuna ngano moja ya Kijerumani ambayo sipendi uifuate, ingawa ni nzuri sana. Msichana ana kaka sita waliogeuzwa kuwa ndege, na ili kuwaokoa anatakiwa kukaa miaka sita bila kusema wala kucheka, huku akiwashonea mashati kwa kutumia maua. Anasingiziwa mabaya, anashindwa kujitetea, na anakaribia kuchomwa moto kabla kaka hawajarudi. Wanawake wetu wamesifiwa mno kwa kunyamaza namna hiyo. Kaka zako ni watu wazima wenye uwezo wao, na ukinyamaza sasa hutamwokoa hata mmoja wao.

Mfano ninaoupendelea ni wa Psyche, binti wa ngano ya kale ambaye kisa chake kiliandikwa katika karne ya pili na Apuleius, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa Madauros, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kazi yake ya mwisho Psyche anatumwa kuzimu, akiwa na sarafu mbili za mvushaji na mikate miwili ya mbwa mlinzi, mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Anaonywa kwamba njiani mwenye punda kilema atamwomba amwokotee kuni, maiti inayoelea itamsihi aivute chomboni, na vikongwe wanaofuma watamtaka awape mkono kidogo. Wote anatakiwa kuwakatalia, kwani mkate mmoja ukimponyoka hatarudi duniani tena. Ni nadra kukuta ngano inayomwagiza binti kuwapita wazee bila kuwasaidia, ndiyo maana naithamini. Kijiji kikijua kwamba mtu wa Mtumba yuko nyumbani, watakuja na ada za shule, michango ya harusi na barua za kuombewa kazi. Wapokee kwa adabu, uwakaribishe chai, na uwaambie kwamba kwa sasa una mgonjwa.

Jumapili hii itisha kikao cha ndugu kwa simu, ninyi watatu, na mama awepo asikie, maana kinachojadiliwa ni maisha yake. Kila jukumu liandikwe pamoja na jina la mwenye jukumu. Baada ya kikao hicho ndipo upeleke barua ofisini, nayo iwe ya kuomba likizo. Kisha niandikie ukishakaa naye wiki ya kwanza, unieleze mkono unaendeleaje na wewe mwenyewe unalala vipi.

Shangazi yako