Cheche hutoka wapi? Kuhusu moto kwenye majukwaa ya gesi baharini

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi wa pampu, niko Mtwara, na ninajiandaa kwenda kufanya kazi kwenye jukwaa la gesi baharini huko Ghuba. Kwenye mafunzo tumeambiwa simu na kiberiti ni marufuku kabisa eneo la mitambo, na vifaa vyote vya umeme ni vya aina isiyotoa cheche. Naomba kuuliza mambo mawili. Kama cheche zimezuiwa kiasi hicho, jukwaa la Piper Alpha lilipataje moto? Na inakuwaje jukwaa lililozungukwa na maji pande zote liteketee?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa nafasi uliyoipata. Nitaanza na hilo Piper Alpha ulilolitaja, maana majibu yako yote mawili yamo humo.

Jukwaa hilo lilikuwa Bahari ya Kaskazini, kilomita zipatazo 190 kutoka Aberdeen, Scotland. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 lililipuka na kuungua, wakafa watu 167, wawili kati yao wakiwa wa boti ya uokoaji. Kati ya watu 226 waliokuwa jukwaani walinusurika 61 tu. Uchunguzi uliongozwa na Jaji Cullen, na ripoti yake ya mwaka 1990 ndiyo tunayoifundishia kazi hii mpaka leo. Katika uchunguzi wote huo, cheche iliyowasha gesi haikujulikana kwa uhakika. Kilichojulikana, karibu dakika kwa dakika, ni jinsi gesi ilivyotoka kwenye bomba.

Naomba ulishike hilo, kwa sababu mafunzo ya siku chache hukazania cheche mno. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15, huwaka kwa nishati isiyofika theluthi moja ya milijuli, yaani nishati ndogo mno. Umeme unaojikusanya mwilini mwako hewa ikiwa kavu unaweza kuzidi hapo. Kuna taa iliyopasuka kioo, injini ya dizeli, grainda ya mwenzako anayefanya kazi kwa kibali halali kabisa. Kwenye gesi yenye salfa nyingi, ndani ya matangi hujijenga uchafu wa chuma na salfa ambao huweza kuwaka wenyewe ukikutana na hewa. Wingu la gesi likishatanda katikati ya mitambo, litapata tu pa kuwakia. Vifaa visivyotoa cheche ni lazima viwepo, na masharti ya simu na kiberiti uyatii bila mjadala, lakini ulinzi wa kwanza uko kwenye flanji, yaani maungio ya mabomba, kwenye vali, na kwenye kibali cha kazi.

Na kwa kuwa wewe ni fundi wa pampu, sehemu inayofuata inakuhusu hasa. Piper Alpha ilikuwa na pampu mbili za kondensati, yaani ile gesi iliyogeuka kimiminika: pampu A na pampu B. Moja ikifanya kazi, nyingine hupumzika. Siku ile pampu A ilikuwa imesimamishwa, na ilikuwa na vibali viwili. Kimoja kilikuwa cha matengenezo makubwa, ambayo yalikuwa hayajaanza. Kingine kilikuwa cha kuondoa vali yake ya usalama ili ikapimwe. Vali ikaondolewa, na mdomo wa bomba ukazibwa kwa bamba la chuma. Ilipofika saa 12 jioni vali ilikuwa haijarudishwa. Kazi ikaahirishwa hadi kesho yake, kibali kikarudishwa, zamu ikabadilishwa, na waliopokea zamu hawakuambiwa kwamba pampu A haina vali.

Karibu saa 3:45 usiku pampu B ilizimika na kukataa kuwaka tena. Kondensati isipoondolewa, gesi inayoendesha jenereta hukatika, na jukwaa hukosa umeme wake mkuu. Waliokuwa zamu walijua habari za matengenezo makubwa, na walijua hayajaanza, kwa hiyo kwao pampu A ilikuwa nzima. Habari za vali hawakuwa nazo. Mahali penyewe vali ilipotolewa palikuwa ngazi ya juu zaidi, mbali na macho ya mtu aliyesimama kando ya pampu. Uchunguzi ulihitimisha kwamba waliiwasha, na kondensati ikapenya kwenye lile bamba ambalo halikukazwa sawasawa. Wingu lililolipuka lilikadiriwa kuwa na kilo 45 hivi, sawa na mitungi mitatu ya kilo 15 tunayopikia nyumbani. Ilikuwa saa 4 usiku.

Hakuna aliyekuwa mzembe wa kuvuta sigara pale. Kila mmoja alifanya jambo lililoonekana la busara kwa habari alizokuwa nazo, na kilichokosekana ni sentensi moja wakati wa kukabidhiana zamu. Mimi kila nikisoma mwenendo huo roho huniuma.

Sasa maji. Piper Alpha ilianza kutoa mafuta mwaka 1976, na mitambo ya gesi ikaongezwa baadaye. Kuta zilizotenganisha vyumba vya mitambo zilijengwa kuzuia moto wa mafuta, hazikujengwa kuhimili mlipuko. Mlipuko wa kwanza ulizivunja, ukapasua mabomba ya mafuta upande wa pili, na chumba cha kuongozea mitambo kikawa hakifai tena. Pampu za maji ya zimamoto zilikuwa zimewekwa zisijiwashe zenyewe, ili wazamiaji wanaofanya kazi chini wasivutwe na mdomo wa bomba linalonyonya maji. Ilibidi mtu aende kuziwasha kwa mkono. Watu wawili walivaa vifaa vya kupumulia wakaenda kujaribu, hawakuonekana tena.

Lakini hata pampu hizo zingefanya kazi, usidhani maji yangezima moto ule. Gesi inayotoka kwa shinikizo kubwa huwaka kama ulimi mrefu wa moto, na maji hayaukati. Tena ukifanikiwa kuuzima gesi ikiwa bado inatoka, unatengeneza wingu jingine linalosubiri kulipuka. Kazi kubwa ya maji pale ni kupoza chuma, kwa sababu chuma kikifika joto la nyuzi 550 hadi 600 hivi hubaki na takriban nusu tu ya nguvu zake. Moto wa gesi unazimwa kwa kufunga gesi.

Hapo ndipo Piper Alpha ilipomalizika. Iliunganishwa kwa mabomba na majukwaa jirani, yakiwemo Tartan na Claymore. Claymore iliendelea kusukuma mafuta kwa takriban saa nzima huku moto ukionekana kwa macho. Kisha yakaanza kupasuka mabomba makubwa ya gesi yanayopanda kutoka chini ya bahari. Saa 4:20 usiku lilipasuka la Tartan. Mengine mawili yalifuata katika saa moja iliyofuata. Bomba la namna hiyo, kilomita na kilomita za gesi iliyoshindiliwa, likipasuka chini ya jukwaa na hakuna vali ya kulifunga mahali salama, hakuna zimamoto duniani atakayeliweza. Mwaka 1989 Uingereza ilitunga kanuni za kulazimisha vali za dharura kwenye mabomba hayo.

Hayo ya mabomba yanayopanda yaliwakuta wengine pia. Tarehe 27 Julai 2005 kwenye jukwaa la Mumbai High North, India, meli ya huduma ilikuwa imemleta mpishi aliyejikata vidole ili apate matibabu. Bahari ilikuwa imechafuka, meli ikagonga bomba la gesi, gesi ikawaka, na ndani ya saa mbili hivi jukwaa halikuwepo. Walikufa watu 22. Kwenye Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010, saruji ya kuziba kisima ilishindwa kuzuia gesi, na kipimo kilichoonya kikasomwa vibaya. Gesi ilipanda hadi jukwaani, injini zikaivuta pamoja na hewa zikazunguka kupita kiasi, na gesi ikalipuka. Walikufa 11, na kwa kuwa kisima hakikufungika, moto ulilishwa mpaka jukwaa likazama siku mbili baadaye.

Kwa hiyo ukifika huko, kabla ya kugusa pampu yoyote uliza vibali vyote vinavyoihusu, pamoja na vilivyoahirishwa, kisha panda wewe mwenyewe ukaione kila vali na kila bamba lililowekwa, hata kama ni ghorofa ya juu na jua ni kali. Ifunge pampu hiyo kwa kufuli lako isiweze kuwashwa, lebo yenye jina lako iwepo. Wakati wa kukabidhi zamu, usimwachie mwenzako karatasi peke yake. Mweleze kwa mdomo kilichofunguliwa na hakijarudi, na mkiweza mwende mkakitazame pamoja. Uliza pia nani ana mamlaka ya kusimamisha uzalishaji bila kumpigia mtu simu nchi kavu. Kama jibu ni la kubabaika, mwambie msimamizi wako.

Jambo la mwisho linahusu kutoka. Wengi wa Piper Alpha walikusanyika kwenye jengo la malazi wakisubiri helikopta, kama walivyofundishwa. Moshi ulizuia helikopta kutua, amri ya kuondoka haikuja, na 81 walifia humo, wengi kwa moshi. Walionusurika wengi ni wale waliotafuta njia ya kushuka baharini, baadhi kwa kamba, wengine kwa kuruka. Siku yako ya kwanza omba uoneshwe angalau njia mbili za kutoka chumbani kwako hadi kwenye boti za kujiokolea, zitembee mchana, kisha zirudie usiku ukiwa na tochi mkononi.